Uchambuzi wa kisa: mzazi aliyekosa "nguvu ya kutaka", dawa ya presha, na kazi ya noradrenalini kichwani

Kabla ya kusoma

Kisa kimetokea Pemba. Nimebadilisha umri, shehia na vitu vyengine vidogo vidogo ili mtu asijulikane, na mwenyewe pamoja na mumewe wameridhia kiandikwe kwa sharti hilo. Vipimo na dawa nimeviacha vilivyo kwa sababu funzo lenyewe limo humo. Nnawaandikia khasa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini, ila mtu yeyote mwenye dada au mke aliyejifungua anaweza kusoma. Na tafadhali, asiache mtu dawa ya presha kwa kusoma hapa, presha baada ya kujifungua inaua, nenda na kadi yako ukazungumze na dokta wako.

Hali ilivyokuwa

Msichana wa miaka ishirini na kitu, mimba ya kwanza. Alikuwa akisomesha watoto wadogo, mchangamfu, wenzake wanasema darasa lake lilikuwa linasikika mpaka barabarani kwa nyimbo. Hajawahi kuumwa maradhi ya akili na kwao hakuna aliyeumwa.

Wiki ya 31 ya mimba kliniki wakamkuta na presha 156/102, protini kwenye mkojo, miguu imevimba. Akaanzishiwa methildopa, vidonge vya miligramu 250, viwili mara tatu kwa siku. Wengi tunaiita Aldomet hata kama pakiti imeandikwa jina jengine. Hapa niseme wazi, uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Dawa hii inatumika tangu miaka ya 1960, imetumiwa na wajawazito wengi sana duniani na rekodi yake kwa mtoto ni nzuri, na bila ya kuishusha presha ile pengine tungekuwa tunazungumzia kiharusi au kifafa cha mimba.

Wiki ya 37 akaanzishiwa uchungu, haukwenda, akaingizwa oparesheni usiku wa manane kwa haraka haraka. Mtoto wa kike, kilo 2.6, mzima. Siku ya nne wakaruhusiwa. Kwenye kadi yake imeandikwa aendelee na dawa za presha na arudi kliniki, basi, haikuandikwa mpaka lini.

Arobaini akaenda kukaa kwa mama yake kama ilivyo kawaida kwa mtoto wa kwanza. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, supu ya pweza, vyote alipata. Mume alikuwa kambini kwenye karafuu, msimu ulikuwa mkubwa na walikuwa wanahitaji pesa, akija Ijumaa anaondoka Jumamosi.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza alilia lia. Hilo mama yake hakulishangaa na sisi pia hatulishangai, siku ya tatu mpaka ya tano wazazi wengi wanalia bila sababu na ndani ya wiki mbili inapita.

Yake haikupita, iligeuka. Kuanzia wiki ya pili akawa halii tena, akanyamaza. Analala mchana, akiamka ni kama hakulala, usiku anaota ndoto mbaya mbaya. Mtoto akilia yeye anamtizama tu mpaka aitwe mara mbili ndio amchukue, na akimnyonyesha anatizama ukuta. Anaanza sentensi anaiacha katikati. Mdomo mkavu, kila saa anaomba maji. Akinyanyuka kitandani anaona giza anashika ukuta. Wifi yake, ambaye wamependana tangu skuli, alimuuliza una nini, akamjibu maneno ambayo nimeyaandika kwenye faili kama yalivyo: "Sina nguvu ya kutaka kitu. Si kwamba sitaki. Nguvu ya kutaka ndio sina."

Katikati ya hayo alipelekwa kliniki ya baada ya kujifungua. Mtoto akapimwa uzito, kidonda cha oparesheni kikatizamwa kimefunga, presha 104/64. Wakafurahi. Akaambiwa dawa inamkubali aendelee hivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza unajionaje, na yeye katika hali ile hakuwa mtu wa kuanza kusema.

Nyumbani bibi yake akaona huyu kaingiliwa. Akapelekwa kwa sheikh, akaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji ya mawaridi akanywa, akasomewa. Mie sina neno na kombe, na yule sheikh namshukuru kwa sababu alisomea akamwambia mama mtu, mpelekeni na hospitali pia. Lakini hawakwenda, mume yuko kambini, nauli, kidonda, mambo yale yale.

Wiki ya tano akamwambia wifi yake kuwa anatamani alale asiamke. Wifi hakusubiri mtu, akapiga simu siku ile ile.

Siku tuliyoitwa

Tulikwenda nyumbani, mimi na mwenzangu mkunga. Kabla sijamuuliza mgonjwa chochote kuhusu huzuni nilimuomba mama aniletee dawa zote, zilizobaki na zilizokwisha. Akaleta kikapu kidogo cha ukili. Ndani yake methildopa, vidonge vya manjano, pakiti zimebanjuliwa vizuri moja baada ya moja, na chini kabisa vidonge vya damu, yaani vya madini chuma, pakiti nzima nzima hazijaguswa.

Nikauliza, "Mama, hivi vya damu mbona vimejaa?"

"Vilikuwa vinamtia kichefuchefu, dokta mwanangu. Toka azae nikamwambia hivyo viache, ila hivi vya presha usikose hata kimoja, nitakuja kukukosa."

Mama amefanya kila alichoambiwa, kwa mapenzi yake yote. Ila madini chuma yakinywewa pamoja na methildopa yanaizuia isiingie vizuri mwilini. Wakati wa mimba alikuwa anavimeza vyote kwa pamoja. Alipoacha vya damu, ile methildopa ikawa inaingia zaidi ya mwanzo, dozi ile ile kwenye karatasi lakini kubwa zaidi kwenye damu. Na wakati huo huo mwili wenyewe umeshaanza kushusha presha, maana presha ya mimba kwa kawaida inapanda siku chache baada ya kuzaa halafu inateremka yenyewe wiki zinazofuata. Kwa hiyo dawa inazidi na haja inapungua.

Tulimpima amelala: 102/62. Tukamsimamisha dakika tatu: 82/52, akasema macho yanafanya giza, na mapigo ya moyo hayakupanda ipasavyo. Mtu wa kawaida presha ikishuka akisimama moyo unakimbia kufidia. Wake ulikuwa kama haukuambiwa.

Wingi wa damu (himoglobini) 9.8, kwa hiyo upungufu upo. Maswali kumi ya Edinburgh ya kupima huzuni ya mzazi alipata 19 kati ya 30, na alama zikizidi ndio huzuni inazidi. Swali la kujidhuru alijibu mara chache. Tulimuuliza peke yake, kwa utaratibu: hasikii sauti, hana mpango wa kujiua, hana wazo baya juu ya mtoto, anajua yuko wapi na siku gani. Hilo lilikuwa muhimu kwa sababu kama angekuwa amechanganyikiwa au anaona vitu tungemuondoa nyumbani siku ile ile.

Noradrenalini inahusu nini hapa

Noradrenalini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za fahamu. Wengi wetu tukiisikia tunafikiria mwili: moyo kwenda mbio, mishipa kubana, mtu ameshtuka. Hiyo ni kweli, na Msweden Ulf von Euler ndiye aliyeonesha mwaka 1946 kuwa mishipa ya fahamu ya mwilini inaitumia, kazi ambayo ilimpatia sehemu ya Nobel mwaka 1970. Lakini kwenye ubongo ina kazi yake nyengine. Kwenye shina la ubongo, nyuma, kuna doa dogo kila upande lenye rangi ya buluu kwa mbali, linaitwa lokusi seruleusi. Lina makumi ya maelfu tu ya seli katika ubongo wenye seli zipatazo bilioni 86, lakini nyuzi zake zinakwenda karibu kila pahala: sehemu ya kufikiri, ya kumbukumbu, ya khofu, mpaka uti wa mgongo. Seli hizi zinapofanya kazi ndio mtu anakuwa macho, anageuka akisikia mtoto wake analia, anashika jambo na kulimaliza. Ukilala usingizi wa ndoto zinanyamaza karibu kabisa.

Na si kwamba ikiwa nyingi ndio bora. Ni kama utambi wa kandili, ukiuteremsha mno giza, ukiupandisha mno unapata moshi na kioo kinaingia masizi. Ikizidi mtu anakuwa wa kushtuka shtuka, hawezi kutulia kwenye jambo moja, na kwa watu waliopitia majanga huu mfumo unabaki umewaka. Walipopewa wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam yohimbini, dawa inayoongeza utoaji wa noradrenalini, wengi wao walipata khofu kali na baadhi wakaona vita upya mbele ya macho yao.

Sasa methildopa. Mwili unatengeneza noradrenalini kutokana na tairosini, ambayo tunaipata kwenye samaki, maharage, mayai. Tairosini inageuzwa dopa, dopa inakuwa dopamini, dopamini inakuwa noradrenalini. Methildopa inaingia ubongoni na kupita njia hiyo hiyo mpaka inatoka kitu kinachofanana na noradrenalini lakini siyo yenyewe. Kitu hicho kinashika vipokezi vya alfa-2, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, ambavyo vikishikwa vinaziambia seli zipunguze kutoa noradrenalini. Presha inashuka, ndilo lengo. Lakini vipokezi hivyo vipo pia kwenye lile doa la buluu na halijui kuwa sisi tulikuwa tunataka presha tu. Usingizi mchana, uzito, mdomo mkavu, kizunguzungu ukisimama, ndoto mbaya, huzuni: vyote vimeandikwa kwenye madhara ya dawa hii miaka mingi. Tizama tena dalili zake hapo juu.

Mambo haya yana historia. Miaka ya 1950 reserpini, dawa ya presha iliyotokana na mizizi ya mti wa rauvolfia wa India, ilionekana kuwatia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito, na ikajulikana kuwa inakausha akiba ya noradrenalini na wenzake ubongoni. (Ndiyo maana nilimuuliza bibi kwa adabu kama kuna mizizi yoyote aliyomchemshia mjukuu wake. Akasema hakuna, kombe tu.) Kwa upande wa pili imipramini, iliyoanza kutibu huzuni mwaka 1957, ikaonekana na Julius Axelrod na wenzake kuwa inazuia noradrenalini isirudishwe haraka ndani ya seli. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut akaviunganisha akasema pengine huzuni ya maradhi ni upungufu wa vitu hivi.

Nadharia ile ilisaidia ila peke yake haitoshi, na napenda tulielewe hili kwa sababu tukilirahisisha tunawadanganya watu. Watafiti waliwapa watu wazima wa afya dawa inayozuia kutengenezwa noradrenalini, hawakupata maradhi ya huzuni. Lakini waliokuwa wameumwa huzuni wakapona kwa dawa zinazofanya kazi kwenye noradrenalini, walipopewa kitu hicho hicho wengi huzuni iliwarudia. Maana yake kuipunguza noradrenalini kunamuangusha yule ambaye tayari amesimama pabaya. Na mzazi mwenye wiki tano, damu 9.8, oparesheni ya ghafla, usingizi wa vipande vipande na mume hayupo, huyo amesimama pabaya.

Tuliamua nini na kwa nini

Tulimpigia dokta wa wilaya tukiwa pale pale barazani. Tukakubaliana methildopa ipunguzwe, kidonge kimoja mara tatu kwa siku mbili, halafu iachwe, huku presha ikipimwa kila siku kituo cha afya, amelala na amesimama. Kwa nini si kuacha siku moja? Kwa sababu dawa za aina hii zikikatwa ghafla presha inaweza kuruka, na huyu alishawahi kuwa na 156/102. Hatukumpa dawa mbadala kwa wakati ule kwa vile 82/52 haihitaji mbadala.

Vidonge vya damu vikarudi, baada ya chakula ili kichefuchefu kipungue.

Palipokuwa na mabishano ni dawa ya huzuni. Mwenzangu mkunga alitaka aanze siku ile ile, hoja yake ikiwa alama 19 na maneno ya kutamani asiamke si mambo ya kusubiri. Hoja nzito hiyo. Mimi na dokta tulitaka wiki mbili kwanza, kwa sababu iliyokuwepo karibu wakati ule ni amitriptilini, na hiyo inateremsha presha ukisimama, inalaza, na ikimezwa nyingi inaua, na yeye alikuwa na matatizo mawili ya mwanzo tayari. Isitoshe tungebadilisha mambo mawili kwa pamoja tusingejua lipi limefanya nini. Tulikubaliana kusubiri kwa masharti: mama akae na dawa zote, mzazi asibaki peke yake usiku, wifi alale pale, tunarudi kila siku ya tatu, na ikitokea ametaja kujiua kwa mpango au amebadilika, anakwenda hospitali hapo hapo bila kusubiri mume wala gari la mtu.

Na mume tukampigia simu kambini. Nilimwambia, "Kaka yangu, karafuu zitangoja, huyu hatongoja." Alikuja siku ya pili asubuhi.

Matokeo

Siku ya tano tangu kuanza kupunguza mdomo ulikuwa haukauki tena na anasimama bila kushika ukuta. Mchana halali. Wifi yake ndiye aliyetuambia kilichotufurahisha zaidi: mtoto amelia chumbani na yeye kanyanyuka kabla ya kuitwa na mtu.

Wiki ya pili alama 13. Presha nayo ikapanda, 148/96, akaanzishiwa amlodipini miligramu 5, ambayo inafanya kazi kwenye mishipa ya damu na haigusi mfumo huu wa ubongo, na akaendelea kunyonyesha.

Halafu akakwama. Wiki ya tano tangu tuanze, alama 12. Nguvu imerudi, sasa anazungumza, na alipoanza kuzungumza ndio tukajua yaliyokuwa chini. Usiku wa oparesheni alisikia mtu chumbani anasema presha hii atakufa. Hakuna aliyemuelezea chochote baadaye. Alikuwa anaamini mwili wake ulitaka kumuua mtoto na kila akimtizama anajiona hafai kuwa mama yake. Methildopa ilikuwa imemnyima nguvu hata ya kulia juu ya jambo hilo.

Tukafanya vikao vya mazungumzo, mume akawepo viwili kati ya hivyo, mkunga akampitisha hatua kwa hatua yaliyotokea usiku ule na kwa nini. Na akaanza dawa ya huzuni, sertralini miligramu 50 iliyopatikana kutoka Unguja, ambayo inaingia kidogo sana kwenye maziwa. Sertralini inashughulika zaidi na serotonini, kemikali nyengine ya ubongo, si noradrenalini, kwa hiyo asije mtu akasema kisa hiki chote ni noradrenalini. Miezi mitatu alama 5. Presha ikashuka, amlodipini ikaachishwa na dokta. Muhula uliofuata alirudi darasani.

Kipi kilifaa, kipi kilifeli

Kilichofaa kuliko vyote ni wifi kuchukua simu, sisi tulifika kwa sababu yake. Cha pili ni kile kikapu. Dalili za huzuni na madhara ya methildopa zinafanana mno, huwezi kuzitenganisha kwa kumtizama mtu usoni wala kwa kumuuliza, ila mdomo mkavu na presha kushuka akisimama zilituelekeza kwenye dawa. Kumpima amesimama kunachukua dakika tatu na hakuhitaji mashine mpya, na sioni sababu ya kuendelea kuwapima wazazi waliokaa tu wakati wanameza dawa za presha.

Kilichofeli kikubwa ni kadi isiyokuwa na tarehe ya kuacha. Muongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema methildopa isimamishwe ndani ya siku mbili baada ya kujifungua na abadilishiwe dawa nyengine, kwa sababu hii hii ya huzuni. Nyifedipini, amlodipini na enalaprili ni dawa ambazo mama anaweza kunyonyesha nazo. Huyu alikwenda nayo wiki tano. Na kliniki, presha 104/64 kwa mtu anayemeza vidonge sita kwa siku ilichukuliwa kuwa mafanikio, wakati ilitakiwa iwe swali: je bado anavihitaji?

Uamuzi wetu wa kusubiri wiki mbili ulikwenda vizuri lakini sisemi mwengine aufuate. Uliwezekana kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na kituo cha afya ni mwendo wa miguu. Mzazi anayekaa peke yake na alama 19, ningemsikiliza mkunga.

Hatuwezi kuthibitisha kwa asilimia mia kuwa ni methildopa, kwani siku zile zile tulizoipunguza, mume alirudi, wifi akahamia na vidonge vya damu vikaanza tena. Ila damu haipandi kwa siku tano, na mdomo mkavu hauponi kwa mume kurudi. Kwangu mie uzito ule wa mwili na akili ulitokana na dawa kwa sehemu kubwa, na huzuni ya ndani ilikuwa na mizizi yake mengine.

Mimba ijayo

Kwenye kadi yake sasa imeandikwa kwa wino mwekundu: presha ya mimba, alipata huzuni nzito akiwa kwenye methildopa, ikihitajika dawa ya presha tafadhali fikirieni nyifedipini au labetaloli kwanza, na kama methildopa haikwepeki isimamishwe siku mbili baada ya kujifungua na apimwe huzuni wiki ya pili na ya sita. Nakala amebaki nayo mumewe, kwenye simu, kaipiga picha.